Utumbo na moyo: kinachopita kati yao na kisichopita

Ukipita mitandaoni siku hizi hukosi kukutana na anayeuza "dawa ya kusafisha utumbo" akiahidi kwamba taka zikitoka, mishipa ya moyo nayo itazibuka na presha itashuka. Upande wa pili wapo wanaoicheka habari yote: tumbo ni tumbo, moyo ni moyo, vinakutana wapi? Wote wamekosea, ila huyu wa kwanza anakosea kwa pesa ya mteja. Uhusiano kati ya utumbo na moyo upo, umepimwa kwa wanyama na kwa watu, na sehemu ya kazi hiyo imefanyika Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Lakini si uhusiano wa taka kuziba mishipa. Kinyesi hakiingii kwenye damu, kwa hiyo hakuna cha kusafishwa kutoka huko.

Kwanza tuelewane tunazungumzia ugonjwa gani, maana "ugonjwa wa moyo" hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja. Mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye moyo, kijana ambaye vali zake ziliharibika kutokana na maambukizi ya koo ya bakteria yasiyotibiwa, mama ambaye misuli ya moyo wake imelegea muda mfupi baada ya kujifungua: wote hao wana ugonjwa wa moyo, na chanzo chake si utumbo. Asije mtu akawauzia uji wa nyuzinyuzi mahali pa upasuaji au dawa. Utumbo una neno kwenye magonjwa mengine: mishipa ya ateri kujengeka utando wa mafuta hadi ikaleta mshtuko wa moyo au kiharusi, shinikizo la juu la damu, na hali ya moyo kushindwa kusukuma damu ya kutosha.

Maneno mengine matatu yatarudi mara kwa mara. Bakteria wa utumbo ni viumbe wadogo wanaoishi zaidi kwenye utumbo mpana. Makadirio ya mwaka 2016 yanampa mtu mzima wa kilo 70 bakteria wapatao trilioni 38, dhidi ya seli zake mwenyewe trilioni 30, na uzito wa bakteria hao wote pamoja haufiki robo kilo. Kauli kwamba wanatuzidi mara 10 bado inazunguka, lakini imeshapitwa na wakati. Nyuzinyuzi ni sehemu ya mmea ambayo vimeng'enya vyetu haviwezi kuivunja, hivyo inateremka hadi utumbo mpana ikiwa bado nzima. Na mchochota ni mwitikio wa kinga: kidole kilichokatwa kikiwa chekundu, cha moto na kimevimba, huo ni mchochota. Unaohusu moyo ni ule mdogo, wa muda mrefu, unaoendelea ndani ya kuta za mishipa bila maumivu yoyote.

Bakteria hula nini, hutoa nini

Utumbo mpana ni kama mtungi wa togwa. Kilichomo hakikai kimya, kinachachuka, na kinachotoka hutegemea ulichotia. Ukiwapa bakteria nyuzinyuzi, wanazichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta tatu: asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli zinazoufunika utumbo mpana kwa ndani. Nyingine mbili huingia kwenye damu, na kwa panya zimeonekana kugusa vipokezi kwenye mishipa na figo vinavyoshiriki kupandisha au kushusha presha.

Nyuzinyuzi zisipofika, bakteria hawafungi. Wapo wanaogeukia ute unaoufunika ukuta wa utumbo na kuula. Ute ukipungua na seli zikikosa butirati, ukuta unalegea. Hapo vipande vya maganda ya bakteria waliokufa, viitwavyo endotoksini, hupenya kidogo kidogo kwenye damu. Si kwa wingi wa kumlaza mtu hospitali, bali kwa kiasi cha kuiamsha kinga na kuiacha macho. Mchochota unaotokana na hali hiyo huufikia utando wa mafuta uliojengeka kwenye ateri na kuufanya uwe rahisi kupasuka, na utando ukipasuka damu huganda juu yake. Mara nyingi huo ndio mshtuko wa moyo.

Je, mchochota wenyewe una uzito kiasi gani? Jibu la wazi lilikuja mwaka 2017 katika jaribio lililoitwa CANTOS. Wagonjwa 10,061 waliowahi kupata mshtuko wa moyo walipewa dawa ya kutuliza mchochota au sindano isiyo na dawa. Dawa hiyo haikushusha kolesteroli hata kidogo, lakini kwa dozi ya miligramu 150 matukio kama mshtuko wa moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 15. Ililipiwa gharama pia: vifo vitokanavyo na maambukizi viliongezeka kidogo, ndiyo maana haikuwa dawa ya kila mtu. Ilichothibitisha ni kwamba kupunguza mchochota pekee kunaweza kumwokoa mtu na mshtuko mwingine.

Njia ya pili ni nyongo, na hii haina fumbo kubwa. Ini hutengeneza nyongo kwa kutumia kolesteroli. Kwa kawaida karibu nyongo yote hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka, zile zinazofanya uji wa shayiri au mchuzi wa bamia uwe mzito, hunasa sehemu ya nyongo na kutoka nayo. Ini linalazimika kuvuta kolesteroli kutoka kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine. Gramu 3 kwa siku za aina ya nyuzinyuzi iliyomo kwenye shayiri, iitwayo beta-glukani, zinatosha kushusha kolesteroli mbaya kwa kiasi kinachopimika. Hazifikii nguvu ya statini, dawa za hospitali za kushusha kolesteroli, lakini zinaongeza juu yake.

Kisa cha nyama nyekundu, na mahali kinapokwama

Kuanzia mwaka 2011 timu ya mtafiti Stanley Hazen katika hospitali ya Cleveland Clinic, Marekani, ilitoa matokeo yaliyobadilisha mazungumzo yote. Nyama nyekundu ina karnitini, na mayai na maini yana kolini. Baadhi ya bakteria huvigeuza vitu hivi kuwa gesi ya trimethilamini, ileile inayowapa samaki waliooza harufu yao. Gesi hiyo hufika kwenye ini, ini linaigeuza kuwa kitu kinachofupishwa TMAO. Panya waliopewa vitu hivyo walijenga utando zaidi kwenye ateri, na walipopewa dawa za kuua bakteria utando ule wa ziada haukutokea. Mwaka 2013 timu hiyohiyo iliripoti kuhusu wagonjwa 4,007 waliofuatiliwa kwa miaka 3: robo yenye TMAO nyingi zaidi ilikuwa na hatari ya kufa, kupata mshtuko wa moyo au kiharusi karibu mara 2.5 ya robo yenye kiasi kidogo zaidi. Baadaye ilionekana kwamba TMAO inazifanya chembe sahani za damu zigande kwa wepesi.

Sehemu inayosisimua zaidi ni ile ya walaji. Mtu aliyezoea nyama akipewa karnitini anatoa TMAO nyingi. Mtu ambaye kwa miaka mingi hajala nyama akipewa kiasi hichohicho anatoa kidogo mno, kwa sababu bakteria wa kazi hiyo ni wachache tumboni mwake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, watu waliokula nyama nyekundu kila siku kwa mwezi mmoja walipandisha TMAO yao karibu mara 3 ikilinganishwa na walipokula kuku au protini ya mimea. Walipoacha, ilishuka ndani ya wiki chache.

Hapa ndipo waandishi wengi huishia, na hapa ndipo kisa kinapokwama. Samaki wa baharini ana TMAO tayari ndani ya nyama yake. Ukila changu au jodari leo, TMAO kwenye damu yako itapanda kuliko ukila nyama choma, ilhali walaji wa samaki kwa jumla hawaugui moyo zaidi ya wengine. Pia TMAO hutolewa na figo. Figo zikichoka kwa presha au kisukari, TMAO hujaa kwenye damu hata kama mtu hali nyama, na figo zenyewe zikichoka zinauhatarisha moyo. Kwa hiyo namba kubwa ya TMAO inaweza kuwa mhalifu, inaweza pia kuwa shahidi tu aliyesimama karibu na tukio. Kwa maoni yangu, mtu kutumia fedha kupima TMAO akiwa hajapima presha mwaka mzima ni kuanzia juu ya ngazi. Ushauri wa kupunguza nyama nyekundu unasimama hata bila TMAO, kwa sababu ya mafuta na chumvi vinavyoandamana nayo. Anayefaa kuangalia jambo hili kwa makini ni kijana wa jimu anayemeza karnitini ya vidonge kila siku: huyo anawalisha moja kwa moja bakteria wa TMAO.

Moshi, wiki mbili

Mwezi Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa na watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya, wa mjini na vijijini, walishiriki. Waliozoea chakula cha asili cha Kilimanjaro, chenye mboga, maharage, ndizi na nafaka zisizokobolewa, walihamishiwa kwenye vyakula vya kisasa vya kukaangwa na vilivyosindikwa kwa wiki 2. Wa mjini walifanyiwa kinyume. Kundi la tatu lilikunywa mbege, pombe ya asili ya ndizi na ulezi, kila siku kwa wiki moja. Kumi waliendelea na chakula chao cha kawaida ili kuwe na wa kulinganishwa nao.

Wiki 2 zilitosha. Kwa waliohamia chakula cha kisasa, protini za mchochota kwenye damu zilipanda na seli za kinga zikapungua makali dhidi ya vijidudu. Kwa waliorudi kwenye chakula cha asili, na hata kwa waliokunywa mbege, mchochota ulipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki 4 baadaye.

Utafiti huu haukuhesabu mshtuko wa moyo, na wiki 2 haziwezi kuonyesha hilo. Na asije mtu akaufanya kibali cha kukesha kilabuni: mbege ina pombe, na pombe ikizidi hupandisha presha na kudhoofisha misuli ya moyo. Kilichofanya kazi kinaaminika kuwa ulezi, ndizi na uchachukaji wenyewe, na hivyo vipo kwenye vinywaji visivyolevya pia. Jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford la mwaka 2021 lilifikia mahali palepale kwa njia nyingine: watu waliokula vyakula vilivyochachuka kwa wiki 10, hadi takriban milo 6 midogo kwa siku, waliongeza aina za bakteria tumboni na kupunguza protini 19 za mchochota.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hutajwa sana katika habari hizi, na kwa haki. Mizizi, ubuyu na matunda ya porini huwapa nyuzinyuzi gramu 100 au zaidi kwa siku, bakteria wao ni wa aina nyingi kuliko wa wakazi wa mijini, na presha na kolesteroli zao ziko chini. Ila wanatembea sana kila siku na chumvi yao ni ndogo, kwa hiyo si haki kuwapa bakteria sifa yote.

Kinachouzwa na kinachofanya kazi

Vidonge vya bakteria, vinavyoitwa probayotiki, vina ushahidi mwembamba kwa upande wa moyo. Aina chache mahususi zimeshusha kolesteroli kidogo kwenye majaribio. Hakuna jaribio kubwa lililoonyesha kwamba kumeza vidonge hivyo huzuia mshtuko wa moyo. Wengi wa bakteria hao hawaweki makazi. Ukiacha kumeza, wanatoweka. Na kopo lisiloandika jina kamili la aina ya bakteria na idadi yao halikuambii unanunua nini.

Dawa za kusafisha utumbo ndizo zinazonipa wasiwasi. Nyingi ni dawa za kuharisha zilizovaa majani. Kuharisha kwa nguvu kunapoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo hupoteza mapigo yake ya kawaida. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mtu anayetumia dawa za kukojoza maji, kama furosemidi, au dawa ya moyo iitwayo digoksini. Yaani dawa inayouzwa kuusaidia moyo inaweza kuuvuruga usiku huohuo. Antibayotiki za kununua dukani bila cheti nazo hazina nafasi hapa. Ni kweli zilizuia TMAO kwenye maabara, lakini kwa kuua wazuri na wabaya pamoja, na bakteria walibadilika tena zilipoisha.

Kinachobaki ni sahani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019 ulionyesha kwamba walaji wa nyuzinyuzi nyingi, ikilinganishwa na wa kidogo, wana upungufu wa asilimia 15 hadi 30 katika vifo kwa jumla na vifo vya moyo, na faida kubwa ikaonekana kwenye gramu 25 hadi 29. Gramu hizo hupatikana bila kwenda supamaketi. Bakuli la uji wa ulezi usiokobolewa lina kama gramu 3, kikombe cha maharage yaliyopikwa 11 hivi, nusu ya parachichi kubwa 6, mchicha wa kupikwa nusu kikombe 2, pera moja 3. Umefika 25 kabla ya kuhesabu ugali. Linganisha na sahani ya wali mweupe: gramu 200 hazikupi hata gramu moja.

Unga wa dona una karibu gramu 7 kwa kila gramu 100. Sembe iliyokobolewa hubaki na kama nusu yake au chini. Lakini dona hubeba pia ganda na kiini, ambako sumukuvu hukaa zaidi mahindi yakiwa yameota ukungu. Chambua punje zilizopasuka, zilizobadilika rangi au zenye vumbi la kijani kabla ya kupeleka mashineni. Bila kuchambua, dona inaweza kuwa hasara kwa ini.

Wengi huanza kwa kishindo, tumbo linajaa gesi, wanaacha siku ya tatu. Gesi ni dalili kwamba bakteria wamepata kazi kabla hawajawa wa kutosha. Kila wiki ongeza kama gramu 5 juu ya kiasi unachokula kwa siku, yaani nusu kikombe cha maharage, si zaidi, na kunywa maji ya kutosha. Loweka maharage saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, upike kwa maji mapya. Sehemu ya sukari zinazoleta gesi huondoka na maji ya kwanza. Usiweke magadi. Yanalainisha haraka, ni kweli, lakini magadi ni sodiamu, na mwenye presha atakuwa amejiongezea chumvi bila kuionja. Katika utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2017, wanaume walioongezewa gramu 6 za chumvi kwa siku kwa wiki 2 walipanda presha, na bakteria aina ya laktobasili wakapungua tumboni. Kiwango cha siku nzima kinachopendekezwa ni chini ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai kisichojaa, pamoja na ile iliyojificha kwenye viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi.

Kiporo nacho kina neno lake. Ugali, viazi au wali uliopikwa ukapoa hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa wanga sugu, unaoteremka hadi utumbo mpana kama nyuzinyuzi, na ukipasha moto sehemu yake inabaki. Ndizi mbichi za kupika zina wanga wa aina hiyo pia. Sharti ni kukipoza haraka na kukiweka kwenye friji. Wali uliolala juu ya jiko huotesha bakteria ambao sumu yao haifi kwa kupashwa moto. Kwa upande wa vilivyochachuka, mtindi au maziwa mgando yasiyotiwa sukari, au togwa, glasi moja kwa siku ni mwanzo mzuri. Mtindi wa rangi na ladha ya matunda mara nyingi una sukari inayokaribia soda.

Mwenye ugonjwa wa figo asianze lolote kati ya haya bila kuzungumza na daktari, kwa sababu maharage, ndizi na parachichi vina potasiamu nyingi, ambayo figo dhaifu haziwezi kuitoa.

Barabara hii ina njia ya kurudi pia. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, damu husimama kwenye mishipa ya tumbo, ukuta wa utumbo unavimba, mgonjwa anashiba kwa matonge mawili. Hata vidonge vya furosemidi hufyonzwa polepole, ndiyo sababu mgonjwa aliyekuwa akiendelea vizuri anaweza kuhitaji sindano kwa siku kadhaa. Wanaomeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, hasa waliobadilishiwa vali, wamwambie daktari kila wanapoandikiwa antibayotiki, maana baadhi yake huongeza nguvu ya warfarini hadi damu ikawa nyepesi kupita kiasi. Na wasiongeze mboga za majani ghafla. Wale kiasi kilekile kila wiki ili dozi ilingane nayo.

Mwisho kuna mkanganyiko unaoua kuliko yote hapo juu. Mshtuko wa moyo mara nyingi hujitokeza kama kiungulia, "gesi" au "vidonda vya tumbo": kubanwa juu ya kitovu au katikati ya kifua, kichefuchefu, jasho jembamba la baridi, uzito unaopanda taya au kushuka mkono wa kushoto. Kwa wanawake na wenye kisukari, maumivu ya kifua yanaweza kukosekana kabisa. Dalili hizo zikidumu zaidi ya dakika chache, hasa kwa mtu aliyevuka miaka 40, mwenye presha, kisukari au anayevuta sigara, usikae ukinywa dawa ya tumbo kusubiri itulie. Nenda kituo chenye mashine ya ECG, ile ya kupima umeme wa moyo, usiendeshe gari mwenyewe, na mlangoni sema "kifua kinabana", usiseme "tumbo linasumbua".